Hivi Biblia tunaiamini kwa kuwa tumeisoma, au tunaisoma kwa kuwa tumeshaiamini?

#1 Kijana wa Nkuhungu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatano.

Tuna kikundi cha kusoma neno hapa mtaani Dodoma, watu kumi na kitu, tunakutana sebuleni kwa mama mmoja. Wiki hii tulikuwa Marko 16. Biblia yangu nimeachiwa na kaka, ina maelezo madogo madogo chini ya ukurasa. Pale mstari wa 9 wameandika kwamba kuanzia hapo hadi wa 20 hamna katika baadhi ya nakala za kale kabisa. Nikauliza, tena kwa upole: sasa hii tuisomeje? Kiongozi akafunga Biblia, kidole kikabaki ndani, akaniangalia kwa muda. Akasema, "Ndugu, neno halisomwi kwa macho, linasomwa kwa imani. Shida yako siyo hayo maelezo." Watu wakaitikia amina.

Tukasonga hadi mstari wa 17 na 18, ule wa kushika nyoka na kuwawekea wagonjwa mikono. Mama mmoja akasimama kushuhudia kwamba kwa mstari huo huo ameacha vidonge vya presha tangu Pasaka. Amina tena.

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwaza. Kama imani inatakiwa iwepo kabla sijafungua kitabu, hiyo imani nimeitoa wapi? Na kama ninayo tayari, si nitaamini kitabu chochote nitakachowekewa mbele? Sitafuti ugomvi wa dini, nataka kuelewa.

#2 Pimbi wa Mlimwa
Navuta kigoda. Muuza kahawa pita huku, na kashata mbili.

#3 Sauti Nyikani
Mleta mada, kiongozi wako yuko sahihi, labda kakosea ukali tu. Soma Waebrania 4:2: "neno lile lililosikiwa halikuwafaa hao, kwa sababu halikuchanganyika na imani ndani yao waliosikia." Neno ni unga wa uwele. Uweke kwenye sufuria kavu, washa moto, ni kuungua tu. Unga ni ule ule, moto ni ule ule, kilichokosekana ni maji. Mtu anayesoma bila imani anaungua na maelezo ya chini ya ukurasa.

#4 Mpagani Mstaarabu
Sauti Nyikani, huo mzunguko umeuona mwenyewe? Biblia ni ya kweli kwa sababu imani inaniambia, na imani ni ya kweli kwa sababu Biblia inaniambia. Mtu anajidhamini mkopo mwenyewe! Halafu msisahau hivyo vitabu vilipigiwa kura Nikea mwaka 325, Kaizari Konstantino kasimamia. Mnaamini matokeo ya mkutano mkuu.

#5 Katekista Mstaafu
Mbukwenyi, nawasalimu kwa Chigogo.

Kijana wangu Mpagani, hilo la Nikea linarudiwa sana vijiweni lakini si kweli. Maaskofu pale Nikea walibishana juu ya Ario na mafundisho yake kuhusu Kristo, wakapanga pia habari ya tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu haikuwa ajenda. Orodha ya kale tunayoijua ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, imo katika barua ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Lakini umenirahisishia kazi. Kitabu hakikushuka kikiwa na yaliyomo kurasa za mbele. Kuna watu walikipokea, wakakisoma kwenye ibada, wakakitunza, wakasema hiki ndicho na kile sicho. Mtakatifu Agustino alikiri kwamba asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa isingemsukuma. Mleta mada, imani unayoulizia umetoa wapi, umeitoa kwa watu. Hata hiyo Biblia umepewa na kaka yako, umeandika mwenyewe.

#6 Sauti Nyikani
Mzee shikamoo. Kwa hiyo vitabu 73 vya Wakatoliki ndiyo sahihi na sisi Waprotestanti wa 66 tunapungukiwa?

#7 Katekista Mstaafu
Marahaba. Sikuleta hiyo, umeileta mwenyewe. Ila ndiyo.

#8 Pimbi wa Mlimwa
Hahahaha mzee hana presha.

#9 Hesabu Kali
Mimi kazi yangu ni vitabu, ila vya fedha. Nashinda Mtumba kwenye ofisi za serikali nakagua. Niliwahi kuchukua Biblia nikaifanyia kazi kama faili la ofisini. 1 Wafalme 4:26, Sulemani ana mabanda ya farasi arobaini elfu. 2 Nyakati 9:25, mabanda elfu nne. Sifuri moja imepotea njiani. Ahazia anaanza kutawala ana miaka 22 (2 Wafalme 8:26), ukienda 2 Nyakati 22:2 ana 42. Kwa hesabu hiyo ya pili anamzidi baba yake, ambaye alikufa na 40.

Sasa sikilizeni mtu wa ukaguzi. Mtu anayepika hesabu, jambo la kwanza analofanya ni kulinganisha daftari zake. Nikikuta daftari mbili zinafanana hadi nukta, ndipo naita mtu ofisini. Hizi zimetofautiana, zimenakiliwa miaka mamia kwa mamia, na walionakili Kiebrania wakaziacha hivyo hivyo. Kwangu hiyo ni dalili kwamba walionakili walikuwa waoga wa kugusa. Imani yangu ilipanda siku hiyo, nanyi mnicheke.

#10 Mpagani Mstaarabu
#5 nimekubali, Nikea nimeiondoa. Asante mzee.

Hesabu Kali, nakucheka kweli. Daftari mbili zisizolingana ni uzembe, siyo uaminifu. Siku mhasibu wa halmashauri akikuambia "mkuu, tofauti ya sifuri ndiyo inayoonyesha sijapika," utamwandikia hoja au utaimba haleluya?

#11 Hesabu Kali
Nitamwandikia hoja. Lakini sitamwandikia ya wizi.

#12 Bwana Mifugo Kongwa
Nami nina kidonda. Walawi 11:5-6, wibari na sungura wanacheua. Nimesomea mifugo, nimepasua matumbo mengi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo: tumbo vyumba vinne, chakula kinarudi mdomoni kinatafunwa upya. Sungura hana hicho kitu. Ila sungura ana tabia moja ambayo mfugaji asiyeamka mapema haioni: anatoa kinyesi laini, chenye utando, anainamisha kichwa na kukichukua hapo hapo kinapotokea, anakila. Hicho chakula kinapita tumboni mara ya pili. Ukimtazama kwa mbali mdomo unacheza tu. Na wibari, ambaye huku tunamwita pimbi (samahani jirani #2), akiota jua kwenye miamba naye anachezesha taya utadhani mbuzi.

Kwa hiyo aliyeandika aliona vizuri, akaeleza kwa lugha ya mchunga mifugo. Nilipokuwa chuo mstari huu ulinifanya niache kusali karibu miaka miwili. Leo naona nilikuwa naudai uwe kitabu changu cha mwaka wa pili.

#13 Pimbi wa Mlimwa
Nimetajwa kwenye Walawi na sijaarifiwa. Najisi kumbe.

#14 Mwanafunzi Msalato
Nasoma theolojia, naomba nichangie lile la Marko maana limesahaulika.

Maelezo ya chini katika Biblia ya mleta mada ni sahihi. Nakala mbili kubwa za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia pale wanawake wanapokimbia kaburini: "Wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa." Basi. Nakala nyingi zaidi za baadaye zina mistari 12 ya nyongeza. Wapo wanaosema Marko alikusudia kuishia kwenye hofu, wapo wanaosema ukurasa wa mwisho ulipotea, wapo wanaoutetea mwisho mrefu kwa sababu Ireneo aliunukuu karne ya 2, kabla hata ya hizo nakala mbili. Darasani kwetu tuligawanyika vikundi vitatu na mwalimu akatuacha hivyo hivyo akaenda kula.

Pia si kweli kwamba nakala zote ni vurugu. Mwaka 1947 wachunga mbuzi wa Kibedui waliingia pango la Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, wakakuta magombo. Moja ni Isaya kizima, la zamani kwa karibu miaka 1,000 kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zinatumika. Tofauti zipo, nyingi za tahajia na maneno madogo. Isaya ni Isaya.

#15 Bwana Mifugo Kongwa
Umeona? Wachunga mbuzi. Sisi wafugaji ndio tunaobeba elimu ya nchi hii.

#16 Mpagani Mstaarabu
Mwanafunzi, umesema vizuri, ila nakala kufanana inaonyesha wanakili walikuwa makini. Haionyeshi kwamba kilichonakiliwa kilitokea. Hapo ndipo mtaniletea imani tena.

#17 Mwanafunzi Msalato
Ni kweli. Hapo naleta imani tena.

#18 Abuu Twalha
Assalaam alaykum. Mimi Muislamu, jirani yenu, napita tu. Kwetu mtu akileta hadithi ya Mtume swali la kwanza ni: umepokea kwa nani, naye kwa nani? Mlolongo wa wapokezi, isnadi. Mmoja akijulikana ni mwongo au msahaulifu, hadithi inashuka daraja. Sasa naona mzee Katekista anasema jambo karibu na hilo, na Sauti Nyikani analikataa. Nilidhani Wakristo wote mna jibu moja.

#19 Pimbi wa Mlimwa
Jibu moja? Abuu, hawa hata siku ya kusali hawajakubaliana.

#20 Sauti Nyikani
Abuu, wa alaykum salaam. Sikatai waliotuletea. Nakataa kwamba wao ndio mwisho wa hoja. Warumi 10:17, imani chanzo chake ni kusikia. Mtu analisikia neno, lenyewe linazaa imani ndani yake, anarudi kulisoma kwa imani hiyo. Mleta mada anauliza nani katangulia, mimi nasema vinakuja pamoja. Mama yako alipokuonyesha baba yako ulidai cheti? Uliamini, ukaishi naye, ukaona mwenyewe kwamba ni baba.

#21 Mpagani Mstaarabu
Mkuu mfano huo uliisha muda wake. Siku hizi watu wanaenda kwa Mkemia Mkuu kupima vinasaba, na wengine wanarudi na majibu ya kuvunja nyumba.

#22 Pimbi wa Mlimwa
Hapo Sauti kalala chali. Moja bila.

#23 Binti wa Mvumi
Nyote mnaongea kama watu waliozaliwa wanajua kusoma. Bibi yangu mzaa mama hakujua. Wakati wao pale kijijini kubatizwa na kujifunza herufi vilikwenda pamoja, naye akajifunza ukubwani, ameshazaa wanne. Biblia yake ni ya Chigogo, ile nzima iliyotoka 1962, jalada limeshikiliwa na kitambaa cha kanga alichokishona mwenyewe kwa sindano ya gunia. Alikuwa anasoma kwa sauti, kidole chini ya neno, polepole sana. Akikutana na neno gumu haliruki: anarudi mwanzo wa mstari. Zaburi moja ingeweza kuchukua jioni nzima, uji wa watoto unapoa.

Niliwahi kumuuliza, bibi unaaminije haya yote? Akanijibu kwa Chigogo, kwa Kiswahili ni kama: "Siamini yote. Sijafika mwisho." Alikuwa hatanii. Alimaanisha kuna kurasa hajazisoma bado.

#24 Hesabu Kali
#23 dada, umenikalisha.

#25 Katekista Mstaafu
Bibi huyo ningemkabidhi darasa.

#26 Mpogoaji Hombolo
Mimi si mtu wa maneno, nina ekari moja na nusu ya zabibu. Ila nilitaka kusema kuhusu kusoma kwa imani. Yohana 15:2: "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha." Niliusikia mstari huu tangu Sunday school, nikaona ni maneno mazuri ya kanisani.

Mwaka niliorithi shamba, baba mdogo alikuja kunifundisha kupogoa. Akanipa mkasi, akaniambia kata hapa, acha macho mawili. Nikakata tawi lililozaa vizuri msimu uliopita, nene, zuri, moyo unauma. Dakika chache maji yakaanza kudondoka pale kwenye jeraha, tone, tone. Akasema, "Unalia huo. Uache ulie, ndiyo utazaa." Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka naona machozi hayo. Nilirudi nyumbani nikafungua Yohana nikaona aliyesema haya alishawahi kushika mkasi au alikaa karibu na aliyeushika.

Hiyo ni imani au ni ushahidi? Sijui mnaiitaje. Lakini kabla ya mkasi mstari ule ulikuwa umekufa kwangu.

#27 Mwanafunzi Msalato
Mpogoaji, nikuongezee utamu. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "huliondoa" linaweza pia kuwa "hulinyanyua." Wapo wanaosoma kwamba mkulima anaanza kwa kuliinua tawi lililolala chini.

#28 Mpogoaji Hombolo
Yote mawili tunafanya mdogo wangu. Lililolala kwenye udongo unaliinua unalifunga kwenye waya, maana likilala linapata ukungu. Kavu unakata. Ila soma mstari wa 6, matawi yanakusanywa yanatupwa motoni. Huyo hajainuliwa.

#29 Mpagani Mstaarabu
Mpogoaji, nakuheshimu, ila kuujua mzabibu kunathibitisha kwamba mwandishi alijua mizabibu. Hata mimi nikiandika kitabu cha Dodoma nitaweka zabibu na upepo. Na kama mnataka kilimo, Marko 4:31, haradali ndogo kuliko mbegu zote. Shemeji yangu analima tumbaku Tabora, mbegu yake ukipiga chafya umepoteza msimu.

#30 Bwana Mifugo Kongwa
Tumbaku ilitoka Amerika, wale wasikilizaji wangeijua wapi? Alisema na wakulima wa Galilaya kwa mbegu walizokuwa nazo mfukoni.

#31 Abuu Twalha
Zabibu kilo bei gani huko Hombolo sasa hivi?

#32 Mpogoaji Hombolo
Njoo shambani tuongee, hapa kuna madalali wanasoma.

#33 Sista Zamu ya Usiku
Nimesoma uzi wote nikiwa zamu, wodi imetulia. Mmezungumza mambo makubwa, mabanda ya farasi, sungura, Nikea. Mama wa presha katika posti ya kwanza amepitwa na wote.

Mimi ni mlokole, msinikimbilie kwamba sina imani. Nasali kabla ya kuchoma sindano. Lakini nimepokea wagonjwa walioacha dawa kwa sababu ya mstari. Mjomba wangu mwenyewe aliacha insulini baada ya mkutano wa maombi, nje ya mji, siutaji. Siku ya tisa tulimleta hana fahamu. Aliishi, mguu hakubaki nao. Alipoamka hakusema Biblia imenidanganya, alisema imani yangu ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mguu.

Kwa hiyo kiongozi anayesema neno halisomwi kwa macho, nataka kumuuliza: huo mstari wa 18 unasema waaminio wataweka mikono yao juu ya wagonjwa. Unasema wapi mgonjwa aache dawa? Hapo hata maelezo ya chini ya ukurasa hayahitajiki, macho tu yangetosha.

#34 Sauti Nyikani
Sista, pole kwa mjomba. Hapo sibishani. Kutomeza dawa hakumo katika mstari, hayo watu wameongeza.

#35 Mpagani Mstaarabu
Na maelezo ya chini pia watu wameongeza. Ila nami leo nanyamaza, Sista kasema.

#36 Katekista Mstaafu
Ndiyo maana nasema kitabu kisisomwe sebuleni bila mtu wa kukiongoza.

#37 Sauti Nyikani
Mzee, si ndiyo walikuwa na wa kuwaongoza! Kiongozi ndiye aliyefunga Biblia. Waberoya katika Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo mwenyewe, bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo. Na wakasifiwa.

#38 Mwanafunzi Msalato
Sauti, kwa hiyo kwa Waberoya swali la mleta mada lilikuwa la imani, siyo la upungufu. Mbona posti #3 ulimwambia anaungua?

#39 Sauti Nyikani
Nilikuwa sijafika Waberoya.

#40 Pimbi wa Mlimwa
Mbili bila, na kajifunga mwenyewe. Bwana Mifugo, swali la mwisho kabla sijalala: sungura tule tusile?

#41 Bwana Mifugo Kongwa
Kula. Ila pimbi muache, ni jirani.

#42 Sista Zamu ya Usiku
Kijana wa Nkuhungu, umeanzisha uzi ukapotea. Yule mama anaendeleaje? Kapimwa lini mara ya mwisho?

#43 Kijana wa Nkuhungu (mleta mada)
Wakuu nipo, nilikuwa nasoma tu. Asanteni, nimepata majibu mengi kuliko swali na hayapatani.

Sista, baada ya posti yako nilishindwa kulala. Leo jioni nimeenda kwake, nikasingizia naomba ndimu. Nimekaa naye uani akichambua mlenda. Nikamuuliza taratibu, mama, vile vidonge uliviacha kweli? Akaangalia mlangoni kwanza. Akasema, "Navimeza usiku, mwanangu. Wakishalala." Viko kwenye mkebe wa majani ya chai. Nikamuuliza, sasa ule ushuhuda? Akasema walikuwa wanamtazama wote, akasimama.

Sijajua nifanye nini Jumatano.

#44 Sista Zamu ya Usiku
Mungu asifiwe. Jumatano utaijua ukifika. Cha haraka: muulize ni vidonge gani, kama ni vile vya kumkojoza asimeze usiku, atakesha anakimbilia chooni na anaweza kuanguka gizani. Avimeze asubuhi, na kipimo apite kituo chochote. Ukipata jina la dawa niandikie faragha.

#45 Kijana wa Nkuhungu (mleta mada)
Sawa dada. Kesho narudisha ndimu.